Dhiki na Utambulisho katika Ukuaji wa Mwandishi: Historia ya Abdilatif Abdalla, Mshairi wa Mombasa

1.0 Utangulizi

Katika historia ya fasihi ya Kiswahili ni vitabu vichache ambavyo mazingira ya kutungwa kwake yamezungumzwa sana kama yale ya Sauti ya Dhiki. Diwani hiyo ya Abdilatif Abdalla ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1973, baada ya mtunzi wake kutoka gerezani alikotumikia kifungo cha miaka mitatu kwa kosa la uchochezi. Mashairi yaliyomo yalitungwa kifungoni, yakaandikwa katika karatasi za chooni na kutolewa nje kwa siri. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.

Kwa sababu ya kisa hicho imezoeleka kusemwa kwamba gereza ndilo lililomzaa Abdilatif Abdalla mshairi. Kauli hiyo ina mvuto, lakini ina kasoro mbili. Kwanza, inaipa dhiki uwezo usio wake. Watu wengi walifungwa kwa sababu za kisiasa nchini Kenya, wakati wa ukoloni na baada ya uhuru, na walio wengi hawakuacha hata ubeti mmoja. Kama mateso peke yake yangetosha kumfanya mtu kuwa mwandishi, magereza ya Afrika Mashariki yangekuwa maktaba. Pili, kauli hiyo inaifuta miaka 22 iliyotangulia kukamatwa kwake, miaka ambayo ndiyo iliyompa lugha, umbo na ujasiri wa kusema.

Makala hii inajenga hoja tofauti. Kifungo kilimkuta mtu ambaye malezi na mji wake vilikuwa vimekwisha kumpa ufundi wa ushairi na utambulisho wa Mswahili wa Mvita. Dhiki iliushurutisha ufundi huo kubeba mzigo mpya, na utambulisho huo ukampa mahali pa kusimama alipotengwa na watu wote. Ukuaji wa mwandishi, kwa maana inayotumika hapa, ni mabadiliko katika upeo wa anayoyasema, watu anaowasemea na gharama anayokubali kuilipa kwa kusema. Hoja inafuata maisha ya mshairi kwa mpangilio wa wakati, kuanzia malezi yake Mombasa na Faza hadi miaka ya uhamishoni.

2.0 Malezi na Shule ya Ushairi

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1946. Sehemu ya utoto wake ilipita Faza, katika kisiwa cha Pate, chini ya malezi ya babu yake, Ahmad Basheikh, aliyekuwa mshairi. Nyumbani kwao ushairi ulikuwa kazi ya ukoo. Ndugu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, alikuwa miongoni mwa malenga waliosifika zaidi katika pwani ya Kenya, na diwani yake, Malenga wa Mvita, ilitoka mwaka 1971 ikiwa imehaririwa na Shihabuddin Chiraghdin. Ndugu yake mwingine, Sheikh Abdilahi Nassir, alikuwa mwanazuoni wa dini na mwanasiasa. Kwa hiyo mtoto huyo alikulia kati ya watu waliohesabu mizani na watu waliojadili mambo ya dola, na mara nyingi shughuli hizo mbili zilikutana katika kikao kimoja.

Kukutana huko hakukuwa jambo geni Mombasa. Mshairi mkubwa wa mji huo katika karne ya 19, Muyaka bin Haji, alitunga katika enzi ya watawala wa Kimazrui, na sehemu ya kazi yake inahusu vita na ushindani kati ya Mombasa, Lamu na watawala wa Kiomani. Mashairi yake yalihifadhiwa vichwani mwa watu kabla ya kuandikwa na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na hatimaye kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940. Katika mapokeo hayo shairi lilikuwa njia ya kumjibu mpinzani, kumwonya mtawala na kuutahadharisha mji. Malenga hakuonekana kuwa mtu aliyeiacha sanaa yake na kuingilia siasa alipotamka neno kuhusu utawala. Kulitamka kulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi yake.

Mapokeo ya pwani yalikuwa pia na kielelezo cha mshairi mfungwa. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, yaliyotiwa katika utenzi na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa anafungwa na mtawala anayemwogopa. Akiwa gerezani anatunga wimbo na kumpa kijakazi aupeleke kwa mama yake. Walinzi wanausikia wimbo huo bila kuutambua ujumbe wake, nao ni kwamba mama aoke mkate wa wishwa na afiche tupa ndani yake. Liyongo anaikata minyororo kwa tupa hiyo. Kisa hiki kilifahamika vyema katika jamii ya Waswahili wa kaskazini, na kilifundisha jambo moja waziwazi: maneno yaliyopangwa kwa ustadi yanaweza kupita mahali ambapo mwili hauwezi kupita.

Kabla ya kufungwa Abdilatif Abdalla alikuwa amekwisha kutunga Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, uliochapishwa mwaka 1971 yeye mwenyewe akiwa bado gerezani. Utenzi huo unasimulia kisa cha kidini kwa bahari ya utenzi inayojulikana na wote, yaani mishororo minne yenye mizani minane kwa kila ubeti. Ni kazi ya kijana aliyehitimu shule ya wazee wake. Inaonyesha umahiri wa vina na uzoefu wa masimulizi ya Kiislamu, na suala la kosa na matokeo yake linatazamwa kwa jicho la dini na maadili. Kazi hii ni ushahidi muhimu kwa hoja ya makala hii, kwani inathibitisha kwamba ufundi ulikuwapo kabla ya dhiki. Ambalo halikuwapo bado ni shairi linaloikabili dola uso kwa uso.

3.0 Utambulisho wa Mwambao na Siasa za Uhuru

Ujana wa Abdilatif Abdalla ulikwenda sambamba na mjadala mkali kuhusu nani ni mwenyewe wa Mombasa. Tangu mwaka 1895 ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi ulikuwa himaya iliyotawaliwa na Uingereza kwa makubaliano na Sultani wa Zanzibar, aliyelipwa kodi kila mwaka. Uhuru wa Kenya ulipokaribia, baadhi ya wakazi wa ukanda huo walidai wapewe utawala wao wenyewe au wabaki na uhusiano wa pekee na Zanzibar. Vuguvugu hilo lilijulikana kwa jina la Mwambao. Mwaka 1961 Sir James Robertson aliteuliwa kulichunguza suala hilo, naye alipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Mkataba wa kuuunganisha ulitiwa saini Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru. Sheikh Abdilahi Nassir alikuwa miongoni mwa sauti zilizotetea Mwambao, na alihudhuria mazungumzo ya katiba ya Lancaster House, London.

Kwa kijana wa nyumba hiyo njia iliyo rahisi ingekuwa kuirithi siasa ya ndugu yake na kuyatazama masuala yote ya Kenya kwa kipimo cha haki za watu wa pwani. Abdilatif Abdalla alichagua vingine. Akiwa karani wa hesabu katika Baraza la Manispaa la Mombasa alijiunga na Kenya People's Union, chama kilichoanzishwa mwaka 1966 na Jaramogi Oginga Odinga baada ya kujiuzulu umakamu wa rais na kuihama KANU. Viongozi wa KPU, wakiwamo Odinga kutoka Nyanza na Bildad Kaggia kutoka nchi ya Wakikuyu, walilalamika kwamba ardhi na mali zilizoachwa na wakoloni zilikuwa zikiangukia mikononi mwa wachache, ilhali wakulima na wafanyakazi waliopigania uhuru wakiambulia patupu.

Uamuzi huo una maana kubwa katika ukuaji wake. Utambulisho wa Mswahili wa Mvita haukuachwa, kwa sababu lugha yake, dini yake na ushairi wake vilibaki vilevile. Kilichobadilika ni mipaka ya watu aliowaita wake. Malalamiko ya pwani yalikuwa ya haki katika mambo mengi, hasa katika suala la ardhi, lakini mkulima wa bara asiye na shamba alikuwa na malalamiko yanayofanana nayo. Mshairi aliyeanza na mji wake aliuona mji huo ndani ya nchi, na akaiona nchi hiyo ikigawanyika kwa misingi ya walio nacho na wasio nacho. Upanuzi huu ulitokea kabla ya gereza, na ndio uliompeleka huko.

4.0 "Kenya: Twendapi?" na Hukumu

Mwaka 1968 ulifanyika uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya. Karatasi za uteuzi za wagombea wa KPU zilikataliwa kwa maelezo kwamba hazikujazwa ipasavyo, na wagombea wa KANU wakapita bila kupingwa. Kwa wafuasi wa KPU tukio hilo lilikuwa dalili kwamba mlango wa kubadilisha uongozi kwa njia ya kura ulikuwa ukifungwa. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Abdilatif Abdalla aliandika kijikaratasi chenye kichwa "Kenya: Twendapi?", kikasambazwa kwa siri. Kilikuwa maandishi ya nathari, kwa Kiswahili chepesi ambacho mtu yeyote wa sokoni au bandarini angekielewa. Kiliishutumu serikali kwa kuukandamiza upinzani, na kilionya kwamba watu wakinyimwa njia za amani watatafuta njia nyingine.

Uchaguzi wa lugha haukuwa jambo dogo. Sehemu kubwa ya mjadala wa kisiasa wa wasomi nchini Kenya wakati huo ulifanyika kwa Kiingereza, na hoja iliyoandikwa kwa Kiingereza iliwafikia wachache. Hoja ya Kiswahili ilikuwa na miguu ya kufika mbali. Mwandishi mwenye umri wa miaka 22, asiye na cheo chochote kikubwa, alionekana kuwa hatari kwa sababu alikuwa akizungumza na umma kwa lugha ya umma.

Alikamatwa Desemba 1968, na mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Upande wa mashtaka haukuridhika na hukumu hiyo. Ulikata rufaa, na adhabu ikaongezwa kuwa miaka mitatu. Mnamo Oktoba 1969, mshairi akiwa tayari gerezani, KPU yenyewe ilipigwa marufuku baada ya ghasia za Kisumu na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Chama alichokitumikia kikafa. Kuanzia hapo hakuwa tena na kundi la kumsemea nje wala jukwaa la kurudia. Alichobaki nacho kilikuwa kile alichoingia nacho kichwani.

5.0 Kifungo na Uandishi

5.1 Umbo la ushairi kama nyenzo

Abdilatif Abdalla alifungwa katika magereza ya Shimo la Tewa, Mombasa, na Kamiti, karibu na Nairobi. Sehemu kubwa ya kifungo chake alitengwa peke yake. Mfungwa aliyetengwa hunyimwa mazungumzo, vitabu na kalamu, yaani vitu vyote ambavyo mwandishi hudhani hawezi kufanya kazi bila navyo. Baadaye alisaidiwa na askari jela mmoja aliyemhurumia, akaweza kuandika katika karatasi za chooni na maandishi yake yakafikishwa nje.

Katika hali kama hiyo kanuni za ushairi wa jadi ziligeuka kuwa msaada wa kweli. Shairi la kawaida la pwani lina mishororo yenye mizani 16, iliyogawanywa katika vipande viwili vya mizani minane, na vina vya kati na vya mwisho. Mtu wa nje anaweza kuziona kanuni hizo kuwa minyororo ya ziada kwa mtu ambaye tayari yumo katika minyororo. Ukweli ni kwamba kina na mizani ni kufuli za kumbukumbu. Neno likisahaulika, kina chake hulikumbusha. Mshororo ukipungua, mizani huonyesha pengo lilipo. Mashairi ya Muyaka yalivuka miongo mingi vichwani mwa watu kwa sababu hiyohiyo. Mtunzi aliyefunzwa kutunga kwa sikio na kuhifadhi kwa moyo aliweza kuendelea na kazi bila karatasi, na karatasi chache zilipopatikana aliweza kuandika kwa haraka jambo lililokwisha kukamilika akilini. Hapa ndipo malezi ya Faza na Mombasa yalipolipa.

5.2 Maudhui: kutoka maadili hadi ushuhuda

Ulinganisho kati ya Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa na Sauti ya Dhiki unaonyesha mabadiliko yaliyoletwa na gereza. Katika utenzi, kosa na adhabu ni mambo yenye uhakika: kuna amri, kuna uasi, na kuna hukumu ya haki. Katika diwani uhakika huo umevunjika, kwa kuwa mwenye kuadhibiwa anaamini kwamba alisema kweli. Shairi la "Kuno Kunena" linalishughulikia jambo hilo moja kwa moja. Linahusu kusema kulikomponza mtunzi, na linamrudishia msomaji swali la kama kunena ukweli kunaweza kuwa uhalifu. Mshairi aliyelelewa katika fasihi ya mawaidha, ambamo mwema hulipwa wema, alilazimika kukabiliana na ulimwengu ambamo neno jema humfikisha mtu kifungoni.

Jibu lake lilikuwa uthabiti, kama yanavyoonyesha majina ya baadhi ya mashairi. "Siwati" ni neno la Kimvita lenye maana ya "siachi". "N'shishiyelo ni Lilo" humaanisha kwamba alilolishika ndilo hilohilo. Mashairi haya yanatangaza kwamba mtunzi hajabadili imani yake, nayo yalitungwa mahali ambapo kubadili imani kungeweza kumpunguzia mateso. Thamani yake ya kihistoria imo humo. Tangazo la uthabiti linalotolewa kwenye jukwaa salama lina uzito mdogo kuliko lile linalotungwa na mtu aliyetengwa, asiyejua kama maneno yake yatawahi kusomwa.

Mashairi mengine yanatumia njia ya mafumbo. "Mamba" linamwendea mnyama anayeogopwa na wote, anayedhani kwamba ukali wake hautakuwa na mwisho, na linajengwa juu ya mlio wa "mb" unaojirudia hata msomaji akapata raha ya ulimi kabla hajaupata ujumbe. "Jipu" linachora maumivu ya uvimbe unaosubiri siku ya kutumbuka. "Mnazi: Vuta N'kuvute" ni majibizano ya ndugu wawili wanaogombea mti mmoja, kila mmoja akitoa hoja zake. Si vigumu kuona nyuma yake mgogoro wa wenye nchi na waliohodhi matunda ya nchi. Katika mashairi haya mbinu ya zamani ya Mombasa, yaani fumbo na kujibizana, inafanya kazi mpya: inaijadili Kenya ya baada ya uhuru bila kuitaja.

Diwani hata hivyo haikomei kwenye siasa. "Usiniuwe!" linampa sauti mtoto aliye tumboni anayemsihi mama yake asimtoe. Mashairi mengine yanahusu tabia za wanadamu na jinsi wanavyotendana. Upana huu ni muhimu, maana mfungwa ambaye kila wazo lake lingekuwa juu ya mfungaji wake angekuwa amefungwa mara mbili. Kuendelea kufikiri juu ya uhai, udugu na wema kulimwezesha mtunzi kubaki mtu mzima hali gereza lilikusudia kumfanya namba.

5.3 Lahaja kama makao

Kipengele kingine cha utambulisho kinachoonekana waziwazi ni lahaja. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kuanzishwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, Kiunguja kiliwekwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Kimvita, lahaja ya Mombasa yenye hazina kubwa ya ushairi, kilibaki nje ya vitabu vya shule. Mtoto wa Mombasa alifundishwa darasani kwamba "njia" na "macho" ndiyo maneno sahihi, ilhali nyumbani na katika mashairi ya wazee wake alisikia "ndia" na "mato".

Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki kwa Kimvita. Uamuzi huo unaweza kuelezwa kwa mazoea tu, kwani ndiyo lugha ya mama yake. Lakini katika upweke wa gereza lahaja ilikuwa na kazi ya ziada. Kila neno la Kimvita lilimrudisha kwa watu waliomfunza kusema, na kwa jinsi hiyo alikuwa nao katika chumba alimotengwa. Wakati huohuo kijikaratasi chake cha mwaka 1968 kilikuwa kimeandikwa kwa lugha iliyokusudiwa kueleweka na Wakenya wote. Mtu yuleyule aliimudu lugha ya taifa alipotaka kulihutubia taifa, na akarudi kwenye lahaja ya mji wake alipohitaji kuizungumza nafsi yake. Diwani yake ikafanya jambo la tatu ambalo pengine hakulikusudia: ilikitoa Kimvita nje ya mipaka yake, kwa sababu wasomaji na wanafunzi wa Tanzania na Kenya walilazimika kujifunza maneno yake ili waielewe.

6.0 Ulinganisho: Waandishi Wengine na Magereza Yao

Umuhimu wa utambulisho katika kisa hiki huonekana vizuri zaidi kikilinganishwa na visa viwili vinavyokikaribia. Usiku wa kuamkia 31 Desemba 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa baada ya serikali kupiga marufuku mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandaliwa Kamĩrĩĩthũ pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Alifungwa Kamiti bila kufikishwa mahakamani hadi Desemba 1978. Yeye pia aliandika katika karatasi za chooni, na kazi iliyotoka humo ni Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya yake ya kwanza kwa Kikuyu. Kwa Ngũgĩ, aliyekwisha kujipatia sifa kwa riwaya za Kiingereza, gereza lilikuwa mahali pa kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine. Abdilatif Abdalla hakuwa na safari hiyo ya kurudi, kwa kuwa hakuwa ameondoka. Karatasi zilikuwa za aina moja na gereza lilikuwa moja, lakini dhiki iliwakuta waandishi hao mahali tofauti, na ikawaachia matokeo tofauti.

Kisa cha pili ni cha Adam Shafi wa Zanzibar, miongoni mwa waliowekwa kizuizini baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972. Baadaye aliandika riwaya zinazoheshimiwa sana, zikiwamo Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978 na Kuli ya mwaka 1979. Hata hivyo Haini, riwaya inayotokana na mazingira ya kizuizini, ilitoka mwaka 2003, yaani miaka thelathini na zaidi baada ya matukio. Riwaya huhitaji meza, muda na umbali, na pengine huhitaji pia hali ya kisiasa inayoruhusu. Shairi linaweza kuzaliwa ndani ya tukio lenyewe. Visa hivi vitatu vinathibitisha kwamba dhiki haina tokeo moja. Tokeo hutegemea lugha, utanzu na mapokeo ambayo mwandishi anayo dhiki inapomfikia.

7.0 Uhamishoni na Gharama ya Ukuaji

Abdilatif Abdalla alitoka gerezani mwaka 1972 akiwa na umri wa karibu miaka 26. Aliondoka Kenya na kwenda Tanzania, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi mwaka 1979. Alikuwa miongoni mwa wachunguzi wake katika kipindi ambacho taasisi hiyo ilikuwa ikitayarisha Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981. Katika miaka hiyo pia alitafsiri riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana kwa jina la Wema Hawajazaliwa. Riwaya hiyo inahusu mtumishi mwaminifu katika nchi huru iliyooza kwa rushwa, na mtu aliyeuliza "Kenya: Twendapi?" hakuwa na sababu ya kuiona kuwa ya kigeni.

Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa na ugomvi wake wa kifasihi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani iliyoyaacha makusudi mapokeo ya vina na mizani, na mjadala kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko ukawaka. Baadhi ya hoja za wakati huo zilionyesha kana kwamba umbo la jadi hufungamana na fikra za jadi. Sauti ya Dhiki, iliyotoka mwaka mmoja tu kabla yake, ilikuwa jibu lililokwisha kuandikwa. Umbo lilelile la wazee lilikuwa limebeba upinzani mkali dhidi ya dola, na mtunzi wake alikuwa amelipia kila mzani.

Baada ya hapo alifanya kazi katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC mjini London kuanzia mwaka 1979, akahariri jarida la Africa Events katika miaka ya 1980, kisha akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, kuanzia mwaka 1995 hadi 2011. Akiwa London alishiriki katika kampeni za kudai kuachiwa kwa wafungwa wa kisiasa wa Kenya. Katika kazi zote hizo aliendelea kuwa mtu wa neno, ingawa neno hilo sasa lilikwenda kwa redio, kwa jarida na kwa darasa.

Hapa inafaa kuitaja gharama, kwa sababu simulizi za ushindi hupenda kuisahau. Sauti ya Dhiki ilibaki kuwa diwani inayolibeba jina lake, na miaka mingi iliyofuata haikuleta nyingine ya kusimama pembeni yake. Mshairi ambaye kila shairi lake lilitokana na mji mmoja aliishi miongo kadhaa mbali na mji huo. Malenga wa Mvita hutunga akijibiwa. Hupeleka shairi kwa mwenziwe na kusubiri shairi lirudi. Uhamisho ulikata uzi wa majibizano hayo ambao hata gereza halikuweza kuukata kabisa. Dhiki ilimkuza mwandishi kwa maana ya kumpanulia upeo na kumpa mamlaka ya shahidi, lakini pia iliinyima fasihi ya Kiswahili mashairi ambayo mtu huyo angeyatunga kama angeachwa aishi nyumbani kwake. Hasara hiyo haina tuzo ya kuifidia.

8.0 Hitimisho

Historia ya Abdilatif Abdalla inaonyesha kwamba uhusiano kati ya dhiki, utambulisho na ukuaji wa mwandishi una mpangilio wake. Utambulisho ulitangulia: ukoo wa washairi, mji uliozoea kuijadili dola kwa shairi, lahaja yenye hazina yake, na masimulizi ya mshairi aliyejikomboa kwa wimbo. Uamuzi wa kisiasa ukafuata, na ukaupanua utambulisho huo kutoka Mwambao hadi Kenya nzima. Dhiki ikaja ya tatu, ikauliza kama yote hayo yalikuwa ya kweli. Mashairi yaliyotoka gerezani ni jibu la swali hilo.

Fundisho lake kwa historia ya fasihi ni la tahadhari. Kuyasifu mateso kwa sababu yamezaa kitabu ni kumpa mfungaji sifa anayostahili mfungwa na waliomlea. Wanaostahili kutajwa kwanza ni babu wa Faza, ndugu wa Mombasa, na vizazi vya malenga walioshikilia kina na mizani mpaka vikawa silaha mkononi mwa kijana aliyenyang'anywa kila silaha nyingine. Askari jela aliyekubali kuzitoa karatasi zile nje naye ana sehemu yake katika historia hii.